Kabwe imeimbwa Ulaya. Bisie na Rubaya je?

Opera ni teatre ambamo maneno hayasemwi, yanaimbwa. Mtu anaomba maji, anaimba. Mwenzake anamkatalia maji, naye anaimba. Mtu anakufa, na kabla hajakufa anaimba tena dakika kumi nzima, orkestra ikimfuata. Tunaanza hivi kwa sababu tangu turudi Goma swali ni lile lile, kwa basi, kwa kanisa, kwa matanga: mulienda kuangalia nini kule?

Tulienda kuangalia opera, na ndani ya opera tukakuta Kongo.

Tulikuwa wawili, mmoja mtoto wa Masisi, mwingine mtoto wa Walikale. Mafunzo ya waandishi wa habari ndiyo yalitupeleka Vienna, Austria, mwezi wa nne 2024. Kuhusu viza hatutasema mengi. Wakati ule mtu wa Goma aliyetaka kufika Ulaya alianza kwa kupanda ndege ya Kinshasa, akalala kule kwa familia, akaonyesha karatasi ya benki, karatasi ya kazi, na karatasi ya kuhakikisha kwamba atarudi. Katika ofisi moja mwenzetu wa Masisi aliulizwa kama ana sababu ya kurudi kwao, fasi yenye vita. Akajibu: nina mama na ng'ombe wawili. Kama ni mama ao ni ng'ombe waliomsaidia, ni Mungu anajua, lakini stampu ilipigwa.

Austria ni nchi inayoheshimu muziki namna sisi tunavyoheshimu kilio. Kule Salzburg wana festivali ya opera na teatre toka mwaka 1920, na tiketi ya viti vya mbele inaweza kumaliza mshahara wa mwalimu wa Nyabiondo wa miezi kadhaa. Hatukuenda Salzburg. Tulienda Sankt Pölten, mji mkuu wa jimbo la Austria ya Chini, kama nusu saa kwa treni ya mbio ukitoka Vienna upande wa magharibi. Ni mji mdogo. Watu wa Vienna wanaucheka kidogo, kama vile watu wa Goma wanavyocheka Sake. Lakini una ukumbi mkubwa wa muziki, Festspielhaus, uliofunguliwa mwaka 1997, na mwaka 2024 ulijitengenezea festivali mpya kwa jina Tangente, toka mwisho wa mwezi wa nne mpaka mwezi wa kumi, juu ya mazingira, kumbukumbu na demokrasia. Na katika siku za kwanza kabisa za festivali hiyo, ni nini waliweka jukwaani? Habari ya kamyo ya asidi iliyoanguka Katanga.

Opera yenyewe inaitwa Justice, yaani haki. Muziki ni wa Hèctor Parra, mtu wa Catalonia kule Hispania. Maneno yametungwa na Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi anayeishi Graz, hapo hapo Austria. Mchezo umepangwa na Milo Rau, Mswisi, mtu ambaye Walikale wanamjua ao wangepaswa kumjua; tutarudi kwake. Ilichezwa mara ya kwanza Geneva, katika Grand Théâtre, tarehe 22 mwezi wa kwanza 2024, orkestra ikiongozwa na Titus Engel.

Jambo lenyewe ni la kweli. Tarehe 20 mwezi wa pili 2019, katika kijiji cha Kabwe, kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Kolwezi, kamyo iliyobeba asidi ya sulfuriki iligongana na basi dogo, ikapinduka. Asidi ikamwagika juu ya watu. Karibu watu ishirini walikufa, na kati ya waliopona wamo waliobaki vilema kwa maisha yao yote. Asidi hiyo inatumiwa kutoa shaba na kobalti ndani ya mawe. Ilikuwa inaelekea mgodi wa Mutanda, wa kampuni Glencore yenye makao Uswisi. Kamyo ilikuwa ya kampuni nyingine, ya usafirishaji. Na hapo ndipo swali la haki lilianza kuzunguka kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba: nani alipe, alipe nani, na mtoto mmoja anahesabiwa franka ngapi.

Sasa jukwaani. Kamyo imelala ubavu. Kando yake kuna meza ndefu ya karamu, na watu wamevaa vizuri. Miaka imepita tangu ajali. Direkta wa kampuni na mke wake wanafanya sherehe kwa sababu kampuni inajengea kijiji masomo. Wanakunywa, wanatoa hotuba. Pole pole wafu na walemavu wanaanza kuingia katika karamu bila kualikwa. Kuna padri, kuna avoka mwanamke, kuna dereva wa kamyo ambaye anaimbwa na mwanamke, Katarina Bradić. Kuna mama wa mtoto aliyekufa, anaimbwa na Axelle Fanyo. Kuna kijana aliyepoteza miguu, na huyu anaimbwa na Serge Kakudji, mtoto wetu wa Katanga, kontratenori. Kontratenori ni mwanaume ambaye sauti yake inapanda juu kama ya mwanamke. Si mchezo wala si kuigiza, ni kazi ya miaka. Wa kwanza kati yetu kumsikia aligeuka kutafuta dada gani anaimba.

Nyuma yao skrini kubwa. Ndani ya skrini wako watu wa Kabwe wenyewe, wamesimama kwao, majina yao yanasomwa, na wao hawasemi kitu. Wanatuangalia tu. Mwanza Mujila mwenyewe anapanda jukwaani na kusimulia. Halafu kuna gitaa. Kati ya violoni zote zile, Kojack Kossakamvwe anaanza kupiga gitaa la Kikongo, na ukiwa umekaa kule mbali, katika baridi ya mwezi wa nne, unasikia kama mtu amekuita kwa jina lako la nyumbani.

Opera iliimbwa kwa Kifaransa, na juu ya jukwaa maneno yaliandikwa kwa Kijerumani. Kwa mara moja katika safari ile, sisi tulielewa mbele ya wenye nchi. Wao walisoma, halafu walihuzunika. Sisi tulihuzunika kwanza. Tofauti ilikuwa kama sekunde mbili. Tuliihesabu.

Tuseme pia yale ambayo hatukuyapenda, kwa sababu msomaji wetu hakutulipa (ni kweli, hakulipa chochote) ili tusifu tu. Ile karamu ilitukalisha sana. Direkta na mke wake wamepewa wimbo mwingi, wanajitetea, wanalia kidogo, wanapata huruma ya watu kwa njia ya sauti nzuri. Watu wa Kabwe wenye majina wamepewa kimya. Tunajua sababu: mtunzi hakutaka kuwafanya watu waliojeruhiwa waigize majeraha yao mbele ya wageni. Ni heshima. Lakini kwa mtu anayetoka fasi ambako watu wananyamazishwa kila siku, kuona kimya tena, hata kimya kizuri cha sinema, kunauma. Mama yule wa mtoto aliyekufa alipoimba, hapo tulisahau ukosoaji wote. Mbele yetu mzee mmoja wa Austria alitoa miwani akaipangusa mara tatu, na haikuwa na vumbi.

Tulipotoka nje tukawasha telefone. Ndipo ujumbe wa Masisi ukaanza kuingia mmoja baada ya mwingine. Siku hizo hizo, mwisho wa mwezi wa nne 2024, waasi wa M23 walikuwa wameingia Rubaya.

Kwa asiyejua: Rubaya iko katika teritware ya Masisi, milima mizuri ya majani na ng'ombe kwa juu, na chini ya majani koltani. Ndani ya koltani kuna tantalamu, na tantalamu inaingia katika vipande vidogo vya telefone na kompyuta vinavyotunza umeme. Inahesabiwa kwamba kama asilimia 15 ya tantalamu ya dunia inatoka katika vilima vile. Watu wanachimba kwa chepeo na nondo, wanaosha kwa maji ya mto, wanabeba kwa mgongo. Mvua ikinyesha sana shimo linafunga na watu ndani. Hakuna karamu, hakuna direkta wa kukaa mezani, kuna tu mkono unaomwuzia mkono mwingine mpaka mzigo upotelee njiani. Mwenzetu wa Masisi alisimama nje ya ukumbi, watu wanapita na makoti yao wakiongea juu ya muziki, naye anasoma kwamba wajomba zake wametoka usiku na magodoro, na kwamba hawajui bado waelekee Ngungu ao Goma. Tarehe 3 ya mwezi uliofuata bomu zilianguka katika kambi za wakimbizi upande wa Mugunga na Lac Vert, watu zaidi ya kumi wakafa. Tulikuwa bado tunapanga masanduku.

Basi, kwa nini Kabwe inaimbwa Ulaya, na Bisie na Rubaya haziimbwi? Tuliliongea swali hilo siku nzima iliyofuata.

Bisie kwanza. Mtu wa Walikale hahitaji kuelezwa, lakini vijana wa Goma wanaanza kusahau. Ni kilima ndani ya msitu, kasiterite ilipatikana pale karibu na mwaka 2002, na ndani ya muda mfupi maelfu ya watu walikuwa wanaishi juu yake. Njia ilikuwa ya mguu, toka Njingala kuingia katika msitu, matope mpaka magoti, na wabebaji walikuwa wakitoka na kilo hamsini mgongoni. Kila kizuizi kililipisha. Mzigo ukifika barabarani ulipelekwa Kilambo, na pale ndege zilitua juu ya lami ya barabara yenyewe. Magari yalisimamishwa kando, mbuzi wakafukuzwa, ndege ikashuka. Tumeiona kwa macho yetu na bado tukiisimulia Ulaya watu wanafikiri tunaongeza chumvi. Mwezi wa tisa 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji wa mkono katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Kiisha ikaja kampuni ya viwanda, Alphamin, na wachimbaji wa mkono wakaambiwa watoke. Leo Bisie inatoa bati kwa mashine.

Hapo ndipo Milo Rau anaingia katika habari yetu. Mwaka 2015 alifanya kitu ambacho kilikuwa nusu teatre nusu korti: Baraza la Kongo, kwanza Bukavu mwisho wa mwezi wa tano, halafu Berlin mwezi wa sita. Avoka wa kweli, mashahidi wa kweli, majaji wa kuchaguliwa, na hukumu isiyo na polisi wa kuitekeleza. Moja kati ya kesi zake ilikuwa ni Bisie: wale waliotolewa mgodini, na nani aliwapa wengine haki ya kukaa pale. Wachimbaji wa Walikale walisema mbele ya kamera, na filamu ikatoka mwaka 2017. Mwisho wa 2020 Baraza lilifika Kolwezi, na pale ndipo kesi ya Kabwe ilisikilizwa. Kwa hiyo njia iliyomfikisha yule Mswisi katika opera ilipita kwetu. Walikale ilikuwa mbele. Lakini Walikale ilibaki filamu, Kabwe ikawa wimbo.

Sisi tunafikiri sababu ni hii, na kila mtu yuko huru kukataa. Kamyo ya Kabwe ina njia inayoonekana mpaka Uswisi. Unaweza kusimama Geneva, mbele ya ukumbi wa Grand Théâtre, na kusema: kampuni iko hapa nchini kwenu, kodi yake munakula ninyi, jibuni. Mtu aliyekaa katika kiti chekundu anajua kwamba anaongelewa yeye. Koltani ya Rubaya haina anwani namna hiyo. Inatoka shimoni bila jina, inavuka mpaka kwa jina la nchi nyingine, inayeyushwa mbali sana, na ikifika Ulaya inakuwa kitu kidogo kama mbegu ya ulezi ndani ya telefone ya kila mtu. Ukimshitaki kila mtu, hakuna anayesimama. Nani atatunga opera ambayo mkosaji wake ni mikono mia moja?

Katika treni ya kurudi Vienna mwenzetu wa Walikale alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema: «Lakini hii kitu sisi tulikuwaka nayo.»

Alikuwa na maana ya karisi. Wanyanga wa Walikale walikuwa na masimulizi marefu ya mashujaa, na kubwa kati ya yote ni lile la Mwindo. Mwaka 1956 Mbelgiji Daniel Biebuyck alilipokea kutoka kwa fundi mmoja wa Walikale, Shekarisi Rureke, na mwaka 1969 likatoka kitabuni, Biebuyck akifanya kazi hiyo pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga. Tunasema kitabu, lakini Rureke hakusoma kitabu. Aliimba, akasimulia, akacheza kwa miguu yenye njuga, akaigiza kila mtu wa hadithi, kibuyu cha mbegu mkononi, vijana wakimpigia mdundo na watu waliokaa wakiitikia. Siku kumi na mbili. Opera ya Sankt Pölten haikufika saa mbili.

Na habari ya Mwindo ni nini? Mtemi Shemwindo wa Tubondo anawaambia wake zake wazae wasichana tu. Mvulana akizaliwa atauawa. Mwindo anazaliwa, anaongea na kutembea siku ile ile. Baba anamtupia mikuki, haimpati. Anamzika, anatoka. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, na ndani ya ngoma, juu ya maji, mtoto anaimba. Anaimba jina la aliyemtupa, kila mtu ukingoni anasikia. Mwisho wake ndio unatuhusu. Mwindo anamfuata baba yake mpaka kuzimu, anamrudisha, lakini hamwui. Anamweka katikati ya mkutano wa watu wote wa Tubondo, na Shemwindo anasema mbele yao alichofanya. Kiisha utawala unagawanywa nusu kwa nusu.

Ule mkutano ndio tulioukosa katika Justice. Pale jukwaani kila mtu anaimba juu ya ajali, kila mtu anaumia, hata direkta, lakini hakuna anayesimama na kusema ni mimi. Mtunzi amefanya vizuri, kwa sababu katika maisha pia hakuna aliyesimama, hakutaka kudanganya. Ila mzee wa Walikale angeona opera inamalizika pale ambapo kwao mambo yanaanza.

Kuna tofauti nyingine. Fundi wa karisi aliimbia watu waliojua mto ule na majina yale. Walimkatiza, walimletea chakula na pombe, walimpa zawadi katikati ya wimbo, na kama amesahau kipande walimkumbusha. Watu wa Kabwe walikuwa Sankt Pölten ndani ya skrini tu. Hawakuweza kumkatiza mtu.

Hatusemi kwamba Wakongo wanakwenda katika festivali hizi kama picha za ukutani, hapana. Mwaka 2014 Kakudji huyu huyu alizunguka na Coup Fatal, kazi aliyofanya na wanamuziki wa Kinshasa chini ya Mbelgiji Alain Platel: ilianza Vienna mwezi wa sita, mwezi wa saba ikawa Avignon, Ufaransa. Waliimba nyimbo za zamani za Ulaya, za Händel na Monteverdi, kwa likembe, balafoni na gitaa la Rodriguez Vangama, wakikaa juu ya viti vya plastiki vya buluu kama vya nganda yoyote ya kwetu, na mwisho wakatoka wamevaa kama masapere. Nyuma yao lilining'inia pazia la fundi Freddy Tsimba, lililotengenezwa kwa maganda ya risasi, maelfu. Yale maganda watoto wa Masisi wanayaokota kama wengine wanavyookota maembe. Wazungu waliona pazia linang'aa. Sisi tukiona picha zake tunajua hata mlio wake.

Na mwaka huo huo, mwezi wa pili 2014, hapa Goma, Festivali Amani ilifanyika mara ya kwanza katika kiwanja cha Collège Mwanga, kiingilio dola moja kwa siku. Ilikuwa ifanyike 2013, vita ikaisukuma. Wengi wetu tulikuwa pale, tumebanwa, tumelowa jasho, na hakuna aliyekuwa na kiti chekundu. Tunaitaja ili mtu asifikiri kwamba tumekwenda Ulaya kujifunza festivali ni nini.

Mwezi wa sita tulifika kambi ya Bulengo, kutafuta wale wajomba wa mwenzetu. Walikuwa wazima, wanne chini ya shitingi moja, wengine wamebaki upande wa Ngungu. Tulikuwa na picha chache kwa telefone na tukaanza kueleza opera. Watu wakakusanyika: wa Mushaki, wa Karuba, wa Rubaya, na wawili wa Walikale waliokuja kwa sababu walisikia jina la Bisie.

Wanaume walicheka kwamba dereva wa kamyo aliimbwa na mwanamke. Mmoja aliyekuwa dereva kweli, barabara ya Goma kwenda Masisi miaka kumi na minane, hakucheka. Alitaka kujua breki za kamyo ile zilikuwa namna gani, na kama dereva alilala njiani. Alisema: «Batasema paka ni dereva. Kila mara ni dereva.»

Mama mmoja alikuwa anachagua maharagwe. Akauliza: «Ule mama wa mutoto aliimba wakati mutoto amekufa?» Tukasema ndiyo, aliimba, sauti kubwa sana. Akasema hilo ni la kawaida, kwetu pia tunaimbaka ku kilio, lakini sisi hatuweke tiketi. Halafu: «Na ule mukubwa wa kampuni, alisimama akasema ni yeye?»

«Hapana, mama. Aliimba sana, lakini hilo hakulisema.»

Akarudi kwa maharagwe yake.

Kijana mmoja wa Rubaya, aliyekuwa akichimba mpaka mwezi wa nne, aliomba tumpigie tena ile sauti ya Kakudji tuliyokuwa nayo ndani ya telefone. Tukampigia mara nne. Hakuamini kwamba ni mwanaume, tena wa kwetu Kongo. Akauliza mtu akianza na miaka kumi na tisa atakuwa amechelewa. Alisema katika kwaya ya kambi yeye ndiye wanampa sehemu za juu, wasichana wakikosa, na wenzake wanamcheka juu ya hiyo. Kwaya ilikuwa na mazoezi kila siku ya nne na ya sita, chini ya shitingi kubwa karibu na matanki ya maji, gitaa moja lenye nyuzi nne. Siku ile ilikuwa ya nne, basi tukabaki. Walianza saa kumi. Saa kumi na nusu mvua ikashuka juu ya shitingi, hatukusikia tena gitaa, lakini yeye tulimsikia.